Shimo la dhiraa moja: namna Wahindu wanavyokipima kiwanja kabla ya kujenga

Mwenye nyumba niliyopanga Rajkot, Gujarat, wakati nasomea uhandisi ujenzi, sote tulimwita Kaka. Kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo, si ndugu yako mkubwa, na mzee alicheka kila nilipomwambia kwamba kwetu neno ni lilelile ila mtu ni mwingine. Mwaka wangu wa tatu alikuwa anatafuta kiwanja pembezoni mwa mji amjengee mwanawe, akanichukua nikamshikie koleo. Nilitoka nyumbani nikidhani nakwenda kutazama tambiko. Tulishinda kutwa nzima tunachimba, tunafukia na kusubiri maji. Jioni nilikuwa na malengelenge viganjani.

Kazi ile inaitwa bhu-pariksha, mtihani wa ardhi. Ni mlango wa kwanza wa Vastu, elimu ya Kihindu ya makao na majengo. Varahamihira, mnajimu wa Ujjain wa karne ya 6, aliiandika kwa urefu katika Brihat Samhita, na mafundi wa kusini mwa India wana vitabu vyao, kikiwemo Mayamata. Vitabu hivyo havikubaliani kwa kila kitu. Hapa nafuata zaidi Varahamihira, pamoja na nilichokiona kikifanywa. Kuna vipimo ambavyo udongo wenyewe unajibu, vingine jua linajibu, na vingine jibu lake liko kwenye imani ya anayeuliza. Nitakuwa nasema kipi ni kipi.

Vya kubeba

Sururu, koleo, ndoo mbili za maji, kamba, chokaa kidogo, kiganja cha ufuta, mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji ndani, na kijiti kilichonyooka chenye urefu wa hasta moja. Hasta ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na imegawanywa kwa angula 24. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa jambo hili: hasta ni dhiraa yetu, angula ni wanda. Ni sentimita 45 hivi. Kwa desturi kinachotumika ni mkono wa mwenye kiwanja, kwa hiyo kata kijiti kwa mkono wake, si kwa wako.

Hatua ya kwanza: zunguka bila koleo

Fika asubuhi, na usimruhusu dalali akuongoze. Tazama kilichoota. Ardhi inayosifiwa ina miti, mitambaazi na majani ya dawa. Ina harufu nzuri, ni laini, ni sawa, haina uwazi chini. Varahamihira anasema ardhi ya namna hiyo humletea neema hata msafiri aliyekaa kupumzika tu, sembuse aliyejenga hapo maisha yake yote. Mimi nimeichukua hiyo kama kipimo kamili: kaa chini, dakika kumi, usiongee. Utasikia barabara, utanusa mfereji, utajua upepo unatoka kwa nani.

Vinavyokataliwa ni vichuguu vya mchwa, miti ya miiba iliyojazana, ardhi yenye mashimo na mawe makali, ujirani na mahali pa kuchomea maiti. Kichuguu hakihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kubadilisha fremu za milango. Piga mguu chini kila baada ya hatua chache. Ukisikia mlio wa ngoma badala ya kishindo kizito, weka alama hapo, utarudi na sururu.

Hatua ya pili: rangi, harufu na ladha

Chukua udongo wa chini kidogo, si vumbi la juu. Vitabu vinautaja wa aina nne: mweupe wenye harufu ya samli na ladha tamu, mwekundu wenye harufu ya damu na ladha ya ukakasi, wa njano wenye harufu ya chakula na ladha ya uchachu, mweusi wenye harufu ya pombe na ladha kali. Kila mmoja umepewa tabaka lake, kuanzia Brahmin, la juu, hadi Shudra, la chini. Mpangilio huo ni wa jamii iliyogawa watu hata kwa rangi ya ardhi wanayolalia, na sioni sababu ya kuubeba. Kaka mwenyewe aliuruka. Alichofanya ni kuloweka udongo, kuufinyanga kama kamba nyembamba ya unene wa penseli, kisha kuukunja. Ukikatika upesi una mchanga mwingi. Ukikunjika kama mkate mbichi bila ufa, ni mfinyanzi mzito, na hapo ongeza umakini, nitaeleza kwa nini.

Kuonja acha. Karne ya 6 hapakuwa na mafuta machafu ya gereji wala betri zilizotupwa.

Hatua ya tatu: shimo

Hapa ndipo penye uzito, na kama una nusu saa tu, fanya hili na uache mengine.

Chimba shimo katikati ya kiwanja, dhiraa moja urefu, dhiraa moja upana, dhiraa moja kina. Weka udongo wote kwenye turubai au gunia usipotee hata konzi. Shimo likiwa safi, rudisha udongo uleule kwa koleo, bila kuushindilia. Sasa tazama.

Udongo ukibaki wa ziada baada ya shimo kujaa, ardhi ni bora. Ukitosha kamili, ni ya wastani. Shimo likibaki na pengo, ardhi ni mbaya, usijenge.

Sababu yake inaeleweka bila kumtaja mungu yeyote. Ardhi ambayo haijawahi kuguswa imeshikana kwa miaka na miaka. Ukiichimbua inalegea na kuvimba, ndiyo maana hairudi yote. Ukiona haitoshi kujaza pale ilipotoka, ujue kulikuwa na matundu: kifusi, udongo wa kujazia, njia za mchwa, taka zilizooza. Nyumba ikikaa juu yake itazama, tena upande mmoja zaidi ya mwingine, na ukuta utapasuka kwa mshazari kuanzia kona ya dirisha.

Kiwanja cha kwanza tulichokwenda kilikuwa kizuri machoni. Kimesawazishwa, kimemwagiwa udongo mwekundu safi, bikoni zimepakwa rangi. Shibiri moja chini sururu ililia "kra". Vigae vilivyovunjika. Halafu mifuko ya plastiki imeshikana kama majani ya mgomba yaliyolowa, halafu mkaa, halafu soli ya kiatu cha mtoto. Dalali akasema ni hapo tu, tusogee pembeni. Tukasogea mara tatu. Shimo la tatu tuliporudisha udongo lilibaki na pengo la kuingia birika la chai. Kaka hakubishana; alivaa ndala zake, akamshukuru yule kijana kwa maji ya kunywa, tukaondoka.

Vitabu vinataja shimo la katikati. Kwa viwanja vya siku hizi, chimba matano: katikati na karibu na kila kona. Anayeficha kifusi hakifichi pale unapoanza kuchimba.

Hatua ya nne: maji

Tumia shimo lilelile, au jingine la kipimo hicho. Lijaze maji hadi ukingoni, weka alama ya kijiti, kisha ondoka hatua 100 na urudi hatua 100 kwa mwendo wa kawaida. Maji yakiwa hayajapungua, ardhi ni njema sana. Yakipungua kidogo inakubalika. Yakiisha, ardhi ni ya kukimbia. Wapo wanaojaza jioni na kurudi alfajiri: maji yakikutwa bado yapo ni heri, shimo likikutwa kavu lenye nyufa ni nuksi.

Kipimo hiki ni kizuri, lakini kinadanganya mahali pamoja, na mahali hapo ndipo tulipokuwa tumesimama. Saurashtra, upande ule wa Gujarat uliko Rajkot, sehemu kubwa ina udongo mweusi uliotokana na miamba ya volkano. Kiwanja cha pili kilishika maji kama sufuria. Tulikwenda hatua 100, tukarudi, uso wa maji umetulia pale pale kwenye alama. Kaka akatabasamu. Mimi nikamwonyesha nyufa za Mei zilizokuwa mita tatu kutoka shimoni, za kupitisha kiganja. Udongo ule ukilowa mvua za Juni unavimba, ukikauka unasinyaa, na kila mwaka unainua na kushusha msingi. Ndio uleule udongo mweusi wa mbuga unaowatesa wajenzi wa Kitengela na Athi River. Kushika maji kwake kunaupa maksi za juu kwenye kipimo cha Varahamihira, na maksi za chini kwenye daftari la mhandisi.

Kwa hiyo maji yakisimama, usisherehekee kabla ya kuurudia mtihani wa kamba ya udongo. Na maji yakisimama huku udongo ukikunjika bila kukatika, endelea kuchimba hadi ukutane na tabaka gumu. Sisi tulilipata kwenye mita moja na nusu: changarawe iliyoshikana, ambayo wao wanaiita murum, nasi mafundi tunaiita moramu. Msingi ukishushwa hadi hapo, udongo mweusi wa juu uvimbe utakavyo.

Hatua ya tano: taa na maua

Ndani ya shimo huwekwa chungu kibichi kisichochomwa, chenye mafuta na tambi nne zilizoelekezwa pande nne. Utambi utakaowaka muda mrefu zaidi unaonyesha tabaka ambalo ardhi inalifaa. Au huwekwa maua ya rangi nne usiku kucha, na asubuhi hutazamwa lisilonyauka. Haya ni ya imani. Nilijaribu kuyatafutia sababu ya unyevu na hewa, nikaacha. Ikiwa familia inataka, washa taa, kaa nao, kunywa chai.

Hatua ya sita: mbegu

Lima kipande kidogo, mwaga ufuta, nyunyizia maji, usubiri. Zikichipua ndani ya siku tatu ardhi ni bora, siku tano ya wastani, siku saba duni. Hapa udongo unasema kweli yake yote: una uhai, hauna chumvi nyingi, haujamwagiwa sumu. Ni kipimo cha mtu asiye na haraka, na wauzaji wa viwanja wanakichukia kwa sababu hiyohiyo. Kama wanakuharakisha kutoa malipo ya awali kabla ya siku ya tatu, umeshapata jibu jingine ambalo hukuliuliza.

Hatua ya saba: shalya

Shalya ni kitu kigeni kilichobaki ardhini: mfupa, nywele, makapi, mkaa, majivu, chuma. Kinahesabiwa kama mwiba mwilini, na lazima kitolewe kabla ya kujenga. Njia ya zamani ya kukitafuta inachekesha na kuvutia kwa pamoja: mtaalamu anaangalia ni wapi mwenye kiwanja anajikuna wakati anauliza maswali yake. Akijikuna kichwa, mwiba uko kwenye kichwa cha ardhi. Akijikuna goti, uko gotini. Ardhi nayo ina mwili, nitaueleza hivi punde.

Kwa kazi ya mikono, fanya hivi: ondoa tabaka la juu lote mahali nyumba itakapokaa, na kila kitu kisicho udongo kitoke. Usikibakishe pembeni kuwa utakitumia kujazia sakafu. Ndivyo kinavyorudi ndani.

Hatua ya nane: kuitafuta mashariki

Dira ya simu huyumba ukiwa karibu na nondo, bati au gari. Njia ya kitabu haiyumbi, inahitaji tu siku yenye jua.

Sawazisha mahali padogo katikati ya kiwanja na upime kwa maji. Simamisha kijiti cha dhiraa moja, uhakikishe kwa timazi kuwa hakikuinama. Kwa kamba iliyofungwa chini ya kijiti, chora mviringo kukizunguka. Urefu wa kamba uwe sawa na kijiti. Asubuhi kivuli ni kirefu, kinatoka nje ya mviringo upande wa magharibi, na kinapungua taratibu. Ncha yake inapogusa mstari wa mviringo, weka alama ya chokaa. Usiende mbali. Adhuhuri inapita, kivuli kinaanza kurefuka upande wa pili, na ncha inagusa tena mviringo: alama ya pili. Unganisha alama hizo mbili kwa kamba. Ya asubuhi ni magharibi, ya alasiri ni mashariki. Mstari unaoukata huo kwa pembe mraba ni kaskazini na kusini.

Nimeirudia Dar es Salaam nikiwa na vijana wa kazi, ikatoka vilevile. Kivuli kikianguka kusini au kaskazini haidhuru.

Hatua ya tisa: mteremko na umbo

Maji ya mvua yanatakiwa yatiririke kuelekea mashariki, kaskazini, au kaskazini-mashariki, na kona ya kusini-magharibi iwe ndiyo iliyoinuka. Usipime kwa macho. Jaza maji kwenye mpira wa plastiki, ncha moja ishikiliwe na mwenzako kwenye kigingi cha kona moja, nyingine wewe kwenye kona ya pili. Maji yakitulia, pima kutoka uso wa maji hadi ardhini pande zote mbili. Tofauti ya vipimo ndiyo tofauti ya miinuko.

Kwa India ya kaskazini mpangilio huu una akili ya hali ya hewa: jua la mchana huko linapita kusini karibu mwaka mzima, na jua la alasiri linatoka magharibi, kwa hiyo upande wa kusini-magharibi ukiinuka na kujengwa nzito unabeba joto, na upande wa asubuhi unabaki wazi. Dar es Salaam, kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini. Familia za Kihindu za huku wengi wanaacha pande palepale, maana kwao kila upande una mwenyewe: Indra mashariki, Agni kusini-mashariki, Yama kusini, Nirriti kusini-magharibi, Varuna magharibi, Vayu kaskazini-magharibi, Kubera kaskazini, Ishana kaskazini-mashariki. Mungu hahami kwa sababu umevuka ikweta. Kama wewe unajengea mteja wa namna hiyo, mwachie pande zake, kisha ongeza upenu na miti pale jua la kwetu linapopiga.

Umbo lipendwalo ni mraba, kisha mstatili. Pembetatu hukataliwa, pamoja na kiwanja kilichokatwa kona ya kaskazini-mashariki. Kiwanja chembamba mbele na kipana nyuma huitwa uso wa ng'ombe, kinafaa makazi. Kipana mbele na chembamba nyuma ni uso wa simba, kinaachiwa biashara. Barabara inayokuja moja kwa moja na kuishia kwenye geti lako nayo haitakiwi, na taa za magari ukutani kwako saa nane za usiku zitakueleza kwa nini.

Hatua ya kumi: mwili uliolala chini

Ukishapata pande, kiwanja hugawanywa kwa mistari kuwa vyumba 64, yaani nane kwa nane, au 81, yaani tisa kwa tisa. Hadithi inasema kulikuwa na kiumbe kilichoziba mbingu na ardhi. Miungu wakakikamata, wakakilaza kifudifudi, na kila mmoja akabaki ameshika pale alipokishika. Ni miungu 45, Brahma yuko katikati. Kichwa kiko kaskazini-mashariki. Huyo ndiye Vastu Purusha, na ndiye mwenye goti na kichwa cha shalya. Kwa mjenzi maana yake ni hii: mistari inapokutana pana viungo nyeti vya mwili, nguzo zisikanyage hapo, na katikati pabaki wazi kama ua. Chora gridi hiyo kabla ya kuweka nguzo kwenye ramani, utaokoa mabishano ya wiki mbili.

Shimo lisilofika

Asubuhi ya Januari 26, 2001, tetemeko la nguvu 7.7 liliipiga Kachchh, kaskazini-magharibi ya hapo tulipokuwa. Watu wapatao 20,000 walikufa. Hata Ahmedabad, zaidi ya kilomita 200 kutoka kitovu, maghorofa yalianguka. Kaka alikuwa na binamu Bhuj, mji wa hukohuko Kachchh. Hakuna shimo la dhiraa moja linalokwambia udongo ulio mita kumi chini utafanya nini ukitikiswa, na yeye alilijua hilo kuliko mimi mwenye vitabu. Kiwanja cha pili kilipofaulu, aliita watu wawili: pandit, yaani kuhani wa Kihindu, wa kuendesha bhumi puja, ibada ya kuiomba ardhi ruhusa, na mhandisi wa udongo mwenye mashine ya kutoboa.

Pandit akataja Alhamisi, siku njema. Mhandisi naye alikuwa na nafasi Alhamisi. Mashine ikaja saa mbili asubuhi, ikaambiwa isubiri nje ya geti mpaka nazi ivunjwe.